Maji na Majira katika Njia ya Misafara ya Tabora

Mwanafunzi afunguapo ramani ya karne ya kumi na tisa huuona mstari uliochorwa kutoka Bagamoyo, kupita Mpwapwa na Ugogo hata Tabora, na kutoka hapo kwenda Ujiji. Ramani haimwambii kwamba mstari huo ulikuwa njia mbili. Wakati wa kiangazi ulikuwa safari ya kutafuta maji; wakati wa mvua ulikuwa safari ya kuyavuka. Nia yangu katika makala hii ni kuonyesha kwamba hatuwezi kuielewa historia ya Tabora kwa kuhesabu pembe na bunduki tu, tusipouliza pia msafara uliondoka mwezi gani.

Yafaa tuanze na majira yenyewe. Pwani kuna mvua mbili: vuli, baina ya Oktoba na Desemba, na masika, baina ya Machi na Mei. Unyamwezi msimu wa mvua ni mmoja. Huanza Novemba na kwisha Aprili, kisha nchi hukauka muda wa miezi sita. Juu ya hayo kuna pepo. Kaskazi huvuma tangu Desemba hata Machi, na majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja nayo. Kusi ilipoanza, mnamo Aprili, yakarudi nayo. Tajiri wa Unguja aliyetaka nguo na shanga zipelekwe bara, na pembe zishuke pwani kwa wakati wa majahazi, alikuwa na kalenda tatu za kupatanisha.

Mpagazi alikuwa na kalenda ya nne, nayo ni ya jembe. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na Mnyamwezi alikuwa mkulima kabla ya kuwa mpagazi. Alipenda kwenda safari baada ya mavuno, wakati wa ukavu, na mvua zilipokaribia moyo wake ulielekea shambani. Baadhi ya wasafiri wa Ulaya, walipokosa watu wa kuchukua mizigo, waliandika kwamba watu hao ni wavivu au wakaidi. Kumbe mtu aliyeacha kulima mwezi wa Desemba hakuwa na chakula mwaka uliofuata, na ujira wa nguo haukuliwa.

Sasa tuifuate njia yenyewe kutoka pwani. Burton na Speke waliondoka Kaole tarehe 27 Juni 1857, masika yakiwa yamekwisha, wakafika Kaze, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba. Walipata homa nyingi, lakini bonde la Makata, lililo baina ya Morogoro na Kilosa, walilivuka katika kiangazi. Stanley alitoka Bagamoyo mwezi wa Machi 1871, mvua zikiingia. Bonde lile lile alilikuta limekuwa ziwa la matope. Watu wakatembea majini siku kadhaa, mizigo kichwani. Punda wakafa, na maradhi yakawashika wengi. Mwaka 1872, akirudi pwani, alipita huko tena katika masika, na hali ilikuwa mbaya zaidi. Tarehe 15 Aprili mwaka huo tufani iliipiga Unguja, ikaangusha minazi na mikarafuu mingi. Na katika masika hayo hayo Mto Ngerengere ulifurika ukaharibu Simbamwene, mji wenye boma karibu na Morogoro ya leo.

Baada ya Mpwapwa shida iligeuka. Hapo palikuwa na Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kutegemea, upana wake upatao maili 30. Na ng'ambo ya Ugogo palikuwa na Mgunda Mkali, pori kubwa lililotenga Ugogo na Unyamwezi. Katika Ugogo yenyewe maji yalikuwa na wenyewe. Wagogo walichimba visima na kuvilinda, na hongo waliyotoza misafara ilikuwa pia malipo ya kunywa. Wenye misafara waliinung'unikia sana hongo hiyo. Lakini tukumbuke kwamba kisima cha kijiji kilichokutana na wapagazi mia tano mwezi wa Septemba kiliweza kukauka kwa siku moja, na wenyeji wakabaki na ng'ombe wao.

Wapagazi walikuwa na hila yao ya kuvuka nyika, ambayo Burton aliiandika kwa jina la tirikeza. Msafara ulipika na kula karibu na maji, ukajaza vibuyu, ukaondoka baada ya adhuhuri. Ulitembea hata usiku, ukalala pasipo maji, ukaamka alfajiri na kuyafikia maji mengine kabla ya jua kupanda sana. Kwa njia hiyo kiu ilikabiliwa saa za baridi, na siku mbili za ukavu zikawa kama moja. Hii ni elimu kamili, iliyopatikana kwa majaribio mengi, na bila shaka kwa vifo vingi. Wala tusisahau kwamba walikuwako pia mateka waliosukumwa kwenda pwani, ambao hawakuchagua mwezi wa safari wala saa yake.

Kutoka Tabora kwenda Ujiji mwenye amri alikuwa Mto Malagarasi. Wakati wa mvua mto huo hutanuka katika mabwawa mapana. Burton na Speke waliufikia Februari 1858, katikati ya mvua, wakavushwa na Wavinza kwa mitumbwi ya magome baada ya kulipa. Stanley naye alilipa mwaka 1871, na punda wake mmoja alikamatwa na mamba katikati ya maji. Lakini mvua ilipokoma, nchi hiyo hiyo ilikuwa na neema yake. Katika chemchemi za Uvinza watu walikusanyika kiangazi kuchemsha maji ya chumvi, kazi ambayo wachimbaji wa mambo ya kale wameona dalili zake tangu kiasi cha karne ya tano. Mafuriko yalipokuja, kazi hiyo ilisimama.

Mfano wa mwisho ni wa huzuni. Livingstone alikaa Kwihara, karibu na Tabora, tangu Machi 1872 akingoja wapagazi ambao Stanley aliahidi kumpelekea kutoka pwani. Waliwasili Agosti, naye akaondoka tarehe 25 ya mwezi huo kuelekea kusini. Kiangazi kilikuwa kinakwisha. Mvua zilimkuta katika mabwawa ya Bangweulu, akiwa mgonjwa, na akafa huko mwezi wa Mei 1873. Sidai kwamba mvua peke yake ilimwua. Lakini miezi ile mitano ya kungoja ndiyo iliyomtia katika mabwawa wakati yamejaa.

Huenda msomaji akasema kwamba mambo haya yalikwisha reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Hayakwisha. Mvua za Desemba 2009 na Januari 2010 ziliharibu reli katika upande wa Kilosa, katika mabonde yale yale ya Stanley, na safari za garimoshi zikasimama kwa miezi. Reli ilipunguza siku za safari. Haikuyaondoa maji njiani.

Majina ya Burton, Stanley na Livingstone yamehifadhiwa, na ya viongozi waliojua kisima kipi hukauka Agosti na kivuko kipi hufungwa Februari yamepotea, karibu yote. Hata hivyo elimu yao haikupotea kabisa. Imo katika habari za maisha ya Tippu Tip, imo katika safari aliyoisimulia Selemani bin Mwenye Chande, na imo, bila wao kujua, katika manung'uniko ya wageni. Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wetu, kila wasomapo hati ya msafara, waitafute kwanza tarehe, kisha waulize: mwezi huo mvua ilikuwa wapi, na ni nani aliyejua?