Tiba ya Utengamao

Tiba ya utengamao ni tawi la udaktari linaloshughulikia maradhi ya misuli, viungo na mishipa ya fahamu pasipo kutumia kisu, kwa madhumuni ya kumrejeshea mgonjwa, kadiri iwezekanavyo, uwezo wa kujitendea shughuli zake. Tabibu, akiisha kupima nguvu za misuli na mkunjo wa viungo, huagiza mazoezi, ukandaji, joto au baridi, magango na magongo, na pengine sindano ya dawa kiungoni.

Ijapokuwa ukandaji na maji ya moto ni dawa za tangu kale, elimu hii ilistawi hasa kwa sababu ya majeruhi wa Vita Kuu ya Pili, hata mwaka 1947 ikatambuliwa Marekani kuwa fani mahsusi. Nchini Uingereza, Ludwig Guttmann, aliyeanzisha mwaka 1944 kituo cha majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, aliamuru wagonjwa wageuzwe kitandani kila baada ya saa 2, usiku na mchana, ili wasipate vidonda vya mgandamizo. Na tarehe 29 Julai 1948 akawashindanisha 16 miongoni mwa majeruhi kulenga shabaha kwa upinde, hali wameketi katika viti vya magurudumu, mashindano ambayo ndiyo asili ya Michezo ya Paralimpiki.