Gusii na meli za Ghuba ya Winam

Panda miamba ya Manga, Kaunti ya Nyamira, asubuhi isiyo na ukungu, utaona nyanda za Kano na nyuma yake maji ya Ghuba ya Winam. Abagusii hawamiliki ufuo wowote wa Ziwa Victoria. Hata hivyo, utawala, vita na dini mpya, vyote viliwafikia kwa njia ya maji hayo.

Ziwa lenyewe si geni kwao. Kwa mujibu wa simulizi alizokusanya mwanahistoria William Ochieng', mababu zao waliwahi kuishi Goye, huko Yimbo, kando ya ziwa, kabla ya kupitia Kano na Kabianga hadi kufika vilima vya Manga. Hata baada ya kupanda milimani, waliendelea kubadilishana nafaka kwa mifugo na chumvi ya jirani zao Wajaluo.

Kilichobadilika ni vyombo. Meli ya mvuke William Mackinnon iliundwa Uskoti, ikafunguliwa vipande vipande na kusafirishwa hadi Mombasa. Wapagazi walishiriki kuvibeba vipande hivyo bara, na mwaka 1900 ikashushwa majini Kisumu. Reli ilifika hapo Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence. Muda si mrefu zikafuata Winifred na Sybil. Tangu hapo, aliyeshuka pwani ya kusini ya ghuba, Kendu Bay, alikuwa amekaribia mlango wa Gusii.

Novemba 1906 ghuba ilivukwa na wageni wawili wa Kanisa la Waadventista Wasabato: Arthur Carscallen, Mkanada, na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, Malawi ya leo. Walianzisha kituo Gendia, karibu na Kendu Bay. Nyambo alikuwa amesoma Uingereza. Mtu mweusi aliyevuka bahari na kurudi akiwa na elimu alikuwa ushahidi kwamba safari ndefu si ya Mzungu peke yake. Mwaka 1912 kanisa hilo lilifika Nyanchwa, mjini Kisii.

Miaka miwili baadaye, njia hiyohiyo ilileta bunduki. Vita Kuu ilipoanza, kikosi cha Wajerumani kilitoka upande wa Tanganyika na kuingia Kisii. Waingereza wakawapakia askari wa King's African Rifles melini Kisumu, wakawateremsha Kendu Bay, nao wakapanda milima kwa miguu. Mapigano yalikuwa Septemba 12, 1914. Kapteni Thorneycroft, kamanda wa Waingereza, aliuawa, lakini Wajerumani waliondoka. Siku hizohizo Winifred, ikipeleka askari zaidi Karungu, ilifukuzwa na chombo cha Wajerumani, Muansa. Ikarudi baadaye ikisindikizwa na chombo kingine, Kavirondo.

Enzi ya meli ilifika kileleni mwaka 1961 meli Victoria ilipoanza kazi. Nayo iliundwa Uskoti na kuunganishwa upya Kisumu. Ilizunguka Musoma, Mwanza, Bukoba na Port Bell, ikiunganisha nchi tatu. Kijana wa Kisii aliyefika gatini Kisumu na nauli mfukoni angeweza kuiona Tanganyika na Uganda bila kupanda basi.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, meli ziligawanywa. Victoria ikaenda Tanzania, Kenya ikabaki na meli nyingine, Uhuru. Magugumaji yakaziba gati miaka ya tisini, na matatu zikawachukua abiria waliobaki. Watoto wengi wa Gusii leo wanaijua meli kwenye simu tu.

Hali hiyo inaweza kubadilika. Desemba 2019 Uhuru ilirudi kusafirisha mafuta hadi Port Bell, na bandari ya Kisumu ikakarabatiwa. Lakini mizigo peke yake haitoshi. Kaunti za Kisii, Nyamira, Homa Bay na Kisumu zikae pamoja zipange chombo salama cha abiria kati ya Kendu Bay na Kisumu, chenye ratiba inayooana na matatu za kutoka Kisii. Nanyi walimu, mnapopanga ziara za shule, wapelekeni wanafunzi bandarini Kisumu. Historia ya milima yao imeandikwa pale majini.