Jamaa wa Kaa, Si wa Chaza
Viumbe wadogo wa baharini wenye magamba magumu, waitwao barnacles kwa Kiingereza, huganda kwenye miamba, mizizi ya mikoko na chini ya vyombo vya baharini. Zamani wataalamu, akiwemo Georges Cuvier wa Ufaransa, waliwaweka katika kundi la chaza na konokono. Mwaka 1830, John Vaughan Thompson, aliyefanya kazi Cork, Ireland, alionyesha kwamba lava wao huogelea kwa miguu yenye viungo, kama ilivyo kwa jamii ya kaa na kamba. Charles Darwin aliwachunguza kuanzia 1846 hadi 1854, walio hai na visukuku vyao. Ndugu yao Sakulina, kimelea wa kaa, akikomaa hana gamba wala miguu. Ukoo wake hutambulika kwa lava wake.