Saa ya Ipyana na Saa ya Herrnhut

Saa ya Ipinda na saa ya Karonga hazipatani. Ikiwa saa nne ya asubuhi Ipinda, ng'ambo ya Mto Songwe ni saa tatu, ingawa Wanyakyusa wa huku na Wangonde wa kule ni jamaa, na lugha zao husikilizana. Kijana wa Ipinda afanyaye kazi kwa intaneti na wenziwe wa Ulaya au Marekani aweza kudhani kuwa taabu ya kushirikiana na watu wa mbali imezaliwa pamoja naye. Historia ya bonde hili yamkanusha.

Mwaka 1891 wamisionari wa Kimoraviani kutoka Ujerumani walifungua kituo Rungwe, na mwaka 1894 wakafungua Ipyana, katika tambarare hii hii ya Kyela. Wakubwa wao walikaa Herrnhut, mji mdogo wa Saxony. Kwa mwendo wa jua, miji hiyo yatofautiana kwa saa moja na robo hivi, jambo dogo kabisa. Kubwa lilikuwa njia. Barua ilivuka Ziwa Nyasa kwa meli, ikafuata Mto Shire na Zambezi hadi Chinde, penye bahari. Na kwenye maporomoko ya Shire ilichukuliwa na wapagazi. Jibu lilingojewa kwa miezi. Basi aliyekuwa Ipyana alilazimika kuamua kwanza na kuarifu baadaye, wala sioni kwamba kazi iliharibika kwa ajili hiyo.

Walikuwa na dawa moja ya umbali, nayo ilikuwa ya werevu: kitabu cha neno la kila siku, kinachochapwa tangu 1731. Maneno ya mwaka mzima yaliteuliwa kabla, hata Ipyana na Herrnhut wakasoma neno moja siku moja pasipo kuulizana.

Simu ya waya ilileta wepesi, lakini si kwa wote sawa. Agosti 1914 habari ya vita iliwahi kufika Zomba. Nahodha Rhoades wa meli Guendolen aliamriwa kwenda Sphinxhaven, yaani Liuli, akaipiga mizinga Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa pwani kutengenezwa. Nahodha wake, Berndt, rafiki wa Rhoades, alikuwa bado hajui kwamba kuna vita!

Mwaka 1916 Waingereza waliitwaa nchi hii, na wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa. Uongozi wa Herrnhut ukakatika. Ibada na mafundisho ya vijijini yakabaki mikononi mwa Wakristo wenyeji, wale waliokuwa wakiitwa wasaidizi tu. Waskoti wa Livingstonia walikuja kusimamia, nao walikuwa wachache. Wajerumani waliporudi katikati ya miaka ya 1920, walilikuta kanisa li hai.