Udongo mweusi wa Kitui na Makueni: kabla ya kukaza plastiki, tupige hesabu

Ukitoka Mombasa kwa barabara, ukifika Mtito Andei umeshaingia Makueni. Kitui iko ng'ambo ya mto Athi. Kaunti zote mbili zina sehemu za udongo mweusi unaonata mvua ikinyesha na kupasuka wakati wa kiangazi. Wajenzi huukimbia, kwani huvimba na kupasua kuta. Mimi nauzungumzia kwa sababu nyingine. Madini yaliyojaa katika udongo wa aina hii, montimorilonaiti, ndiyo yanayotumika viwandani kukaza plastiki.

Madini hayo yamepangika kama kitabu. Kila ukurasa una unene wa takriban nanomita 1, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita, na upana wake waweza kufika mara 100 ya unene huo. Maji huingia baina ya kurasa, ndipo udongo ukavimba. Plastiki nayo yaweza kuingizwa humo. Watafiti wa Toyota, Japani, walifanya hivyo miaka ya 1980: nailoni iliyotiwa udongo usiofika asilimia 5 ya uzani ilipata ukakamavu karibu mara mbili. Ukakamavu ni jinsi kitu kinavyokataa kurefuka kikivutwa.

Je, twaweza kuukadiria kabla ya kuchanganya? Naam, kwa kanuni ya Halpin na Tsai. Yataka mambo manne: ukakamavu wa plastiki, ukakamavu wa udongo, sehemu ya udongo katika ujazo, na upana wa ukurasa ukigawanywa kwa unene wake. Nimepiga hesabu kwa plastiki ya gigapaskali 1.5, udongo wa 178, na asilimia 2 ya ujazo. Kurasa zikiachana zote, ukakamavu huwa mara 2.5. Zikibaki zimeshikana kumikumi, ni kama mara 1.4 tu. Kurasa zikilala ovyo badala ya kufuata upande wa mvuto, hupungua zaidi.

Kwa hivyo kijana wa Kitui au Makueni anayeota kutengeneza matangi ya maji asiambiwe amimine udongo tu. Lazima kwanza uoshwe mchanga, kisha utiwe dawa ya kuupatanisha na plastiki, maana udongo wapenda maji na plastiki yayakataa. Tena plastiki iliyokakamaa huweza kuvunjika upesi.

Akija mtu na ahadi ya kiwanda, wenyeji wamuulize kama kurasa zimeachana, na awaonyeshe kipimo cha eksirei kutoka maabara. Wakishakiona ndipo wazungumzie ardhi yao.