Yai na uzima mpya: je, ni upagani tu?

Wandugu, kila Pasaka tunabishana: yai linafanya nini karibu na ufufuko? Wengine wanakata tu: ni upagani. Tuangalie historia kidogo.

Mu Chandogya Upanishad, kitabu cha zamani cha India, ulimwengu ulitoka mu yai. Lilipasuka, nusu ya feza ikakuwa dunia, nusu ya zahabu ikakuwa mbingu. Wamisri wa Hermopolis nao walisema jua lilitoka mu yai. Wayahudi wanaweka yai la kuchoma kwenye meza ya Pasaka yao. Waorthodoksi wanalipaka rangi nyekundu: ni damu ya Kristo, na ganda ni kaburi.

Sasa, juu ya nini yai? Sisi wa agronomia tunajua kama kuku anataga kufuatana na mwangaza. Ulaya, wakati wa baridi mchana ni mfupi, kuku anapunguza ao anaacha. Mchana ukirefuka, anaanza tena. Na zamani Kanisa lilikataza mayai siku 40 za Kwarezima. Pasaka ikifika, yamejaa nyumba. Watu waliona uzima unarudi kwa macho yao.

Kwetu karibu na ikweta, mchana ni karibu saa 12 mwaka muzima, kuku hangojei majira. Lakini siku 21 za kulalia ni zile zile popote: kitu kimya kama jiwe, halafu kinagonga toka ndani.

Basi, mbele ya kuita imani ya mwenzako upagani, uliza kwanza ilitoka wapi.