Maandishi ya Kibla, Kizimkazi Dimbani

Simama mbele ya kibla, uinue macho. Mstari huu umechongwa kwenye jiwe la matumbawe kwa hati ya Kikufi. Tazama ncha za herufi zinavyochipua majani. Unasema Sheikh Abu Imran Musa bin Hassan bin Muhammad aliamuru msikiti ujengwe, Jumapili, Mfunguo Pili, mwaka 500 Hijria: 1107 Miladia. Sehemu kubwa ya jengo ni ukarabati wa karne ya 18. Mstari ulibaki.

Lugha yake ni Kiarabu, si Kiswahili. Kwingine ilikuwa tofauti: Wakhmer wa Kambodia walikuwa wakichonga lugha yao wenyewe jiweni tangu 611, na maandishi yao ya kale husomwa hukohuko, maana vitabu vyao vya majani vilioza. Pwani yetu nayo mchwa na unyevu wamekula karatasi nyingi: Utendi wa Tambuka, miongoni mwa tenzi kongwe tulizo nazo, ni wa 1728. Fundi wa kibla hii alimtangulia mtunzi wake kwa miaka 621.

Msikiti bado unasaliwa. Vua viatu, jiwe usiliguse, jasho la vidole hulila.